Sanduku Kuukuu: Tulitupe au Tulitunze?



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watasema ni dogo mno, halistahili wino. Ni habari ya masanduku na makopo makuukuu yaliyo chini ya vitanda vyetu. Hatusemi mabegi ya nguo wala ndoo za unga. Tunasema yale yaliyobeba vifaa vya kazi tulizozipenda kwa moyo tu, ambazo hakuna aliyetulipa ili tuzifanye. Kopo la bati la biskuti ambamo zilikaa nyuzi na sindano za kroshe. Kasha la gitaa lililochanika pembeni, na gitaa lenyewe lilibaki ng'ambo ya ziwa. Mfuko wa ngozi wa kamera ya filamu. Boksi la drafti lisilo na kete. Katoni ya mchezo wa kuunganisha vipande ambao mtoto alipewa misheni miaka mingi iliyopita, picha yake imefutika na pembe zake zimefungwa kwa kamba.

Kila mwaka kabla ya mvua za Novemba swali hili huamka hapa Dzaleka. Ndio wakati wa kukandika kuta upya na kukaza paa, na vitu vyote hutolewa nje juani. Vikiwa nje, kila mtu huviona. Mama anauliza, "Hili nalo la nini?" Baba ananyamaza. Bibi anajisogeza kwenye mkeka, analichukua kopo lake na kulipakata. Vijana wanacheka. Jioni vitu vinarudishwa ndani, na neno halijaisha.

Sisi tunaona kwamba swali hili si la usafi peke yake. Ni swali la haki, na ni swali la moyo. Je, ni halali kutunza kitu kisicho na kazi katika nyumba isiyo na nafasi? Na je, ni nani mwenye ruhusa ya kusema kwamba kitu fulani hakina kazi?

WANAOSEMA TUTUPE

Tuanze na wale wanaosema tutupe, kwa maana hoja zao ni nzito na haifai kuzipita haraka.

Kwanza kuna nafasi. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza zamani, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumo zaidi ya 50,000. Hesabu hiyo hatuhitaji kuisoma kwenye karatasi, maana tunailalia kila usiku. Chumba kimoja ni stoo, ni mahali pa kulala, mvua ikinyesha ni jiko, na mgeni akija ni sebule. Katika nyumba ya namna hiyo, sanduku tupu linachukua mahali ambapo mtoto angenyoosha miguu.

Pili kuna wadudu. Katoni kuukuu ni chakula cha mchwa. Wakianza na katoni hawaishii hapo. Wanakwenda kwenye mkeka, kwenye mlango, na kwenye Biblia. Panya naye akipata boksi la karatasi lenye vitambaa ndani amepata nyumba ya kuzalia.

Tatu kuna jambo la moyo. Kuna kutazama nyuma kunakofunga miguu, na habari ya mke wa Lutu tunaifahamu sote. Mtu anaweza kukaa Malawi miaka 20 asipande hata mpapai mmoja, kwa sababu akili yake yote imo ndani ya sanduku. Watoto wetu waliozaliwa hapa, wanaojua Kichewa kuliko Kibembe au Kirundi, wanakua wakisikia kwamba maisha ya kweli yalikuwa kule. Wanajiona kama watu waliofika arusini wakati sahani zinaoshwa. Hilo si jambo jema kumfanyia mtoto.

Kwa hiyo anayesema tutupe si lazima awe mtu asiye na huruma. Pengine anawaza juu ya watoto.

WANAOSEMA TUTUNZE

Upande wa pili wako wanaosema ya kale ni dhahabu. Baadhi yao wana maana ya dhahabu kabisa, yaani fedha. Wamesikia kwamba huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaonunua vitu vya zamani vya kuchezea kwa bei kubwa. Habari hiyo ni ya kweli. Tuchukue mfano wa Meccano, vile vipande vya chuma vyenye matundu ambavyo huunganishwa kwa skrubu. Vilibuniwa na Frank Hornby, mtu wa Liverpool nchini Uingereza, aliyeandikisha uvumbuzi wake mwaka 1901. Watoto wa vizazi vingi walijenga navyo madaraja na winchi mezani. Siku hizi wako watu wanaozitafuta seti za zamani, na seti iliyo pamoja na boksi lake la kwanza huthaminiwa zaidi kuliko ile isiyo nalo. Sababu yake si ngumu. Chuma kinadumu, lakini maboksi mengi yalikuwa ya karatasi ngumu. Watoto waliyachana na wazazi wakayatupa. Kilichotupwa na wengi kimekuwa adimu.

Lakini tusijidanganye. Bei hiyo inahitaji mnunuzi, na mnunuzi huyo hapiti mitaa yetu. Peleka kopo lako tupu kwenye soko la Lilongwe, utapewa bei ya kopo, na mwenye duka atapimia karanga. Anayetunza sanduku kwa kungojea utajiri anatunza tamaa chini ya kitanda.

Hata hivyo mfano huo una funzo moja kwetu. Kitu cha kawaida kinaweza kuwa adimu kwa sababu vyote vingine kama hicho vimepotea. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika katika vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998. Tulipita Kigoma, wengine tukakaa Nyarugusu au Lugufu, kisha tukashuka Mbeya, mpaka wa Songwe na Karonga hata tukafika hapa. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda wana njia zao, nazo hazikuwa fupi. Katika kila kituo kitu fulani kiliachwa. Familia iliyobaki na picha moja ya arusi ya babu ni familia tajiri kati yetu.

Sasa fikirini fomu tulizojaza katika miaka hii yote. Zinauliza jina, mwaka wa kuzaliwa, nchi, idadi ya watu katika nyumba, na sababu ya kukimbia. Huuliza hata kazi tuliyofanya. Lakini hatujaona mstari unaouliza: ulikuwa ukipenda kufanya nini baada ya kazi? Kopo la nyuzi linajibu swali hilo ambalo hakuna aliyeuliza. Linasema huyu mama alikuwa na jioni zake, alikuwa na mikono yenye ujuzi, na majirani walimletea vitambaa awafumie kwa ajili ya viti vyao. Kasha la gitaa linasema huyu mzee hakuzaliwa na kadi ya posho mkononi. Mtu anayeitwa mkimbizi kila siku anahitaji kitu kinachomwita kwa jina lake la zamani. Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaosema tutunze, nasi tunaiheshimu.

PISHI MOJA YA MANA

Basi hoja ziko pande zote mbili, na kila upande una haki yake. Katika kutafuta njia tuliisoma tena habari ya mana katika Kutoka 16, tukaona jambo ambalo hatukuwa tumelipa uzito.

Waisraeli waliambiwa wasiweke mana hata asubuhi. Waliokaidi wakaweka, nayo ikaingia mabuu na kunuka. Wahenga wetu husema akiba haiozi, lakini akiba ile ilioza. Lakini katika sura hiyo hiyo, Musa anamwambia Haruni achukue chombo, atie ndani pishi moja ya mana, na kuiweka kwa ajili ya vizazi vyao. Mungu ni yule yule, chakula ni kile kile. Huku kutunza ni kosa, na huku kutunza ni amri. Tofauti iko wapi?

Tunaona tofauti tatu. Ya kwanza ni kiasi. Ilikuwa pishi moja kwa taifa zima lililokula mana miaka 40. Haikuwa pishi kwa kila hema. Ya pili ni kusudi. Mana ya mabuu iliwekwa kwa hofu ya kesho, lakini mana ya chombo iliwekwa ili vizazi vione. Ya tatu ni mahali. Ile ya kwanza ilifichwa na mtu mmoja mmoja. Hii iliwekwa mahali panapojulikana na watu wote.

Iko habari nyingine ya kuiweka karibu na hii. Nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa kwa agizo la Mungu, iliyookoa watu jangwani, ilitunzwa miaka mingi sana. Katika 2 Wafalme 18 tunasoma kwamba Mfalme Hezekia aliivunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba, nayo ikaitwa Nehushtani. Kosa la nyoka ile halikuwa uzee wake, wala kutunzwa kwake. Ilikuwa imeacha kuwakumbusha watu habari ya Mungu, ikakaa mahali pake.

Na la mwisho ni la kuwafariji wale ambao hawakufika na kitu chochote. Katika 1 Wafalme 8, sanduku la agano linapoingizwa katika nyumba aliyoijenga Sulemani, imeandikwa kwamba ndani yake hamkuwa na kitu ila zile mbao mbili za mawe. Chombo cha mana hakitajwi hapo. Lakini habari ya mana haikupotea. Imefika mpaka Dzaleka, na watoto wa shule ya Jumapili wanaisimulia. Imefika kwa sababu watu waliisimulia kizazi hata kizazi.

Kutokana na habari hizi tunapata kipimo cha kwanza. Usiulize kwanza sanduku lina umri gani au limechakaa kiasi gani. Uliza: mara ya mwisho lilifunguliwa lini mbele ya watoto? Yale mawe 12 yaliyotolewa Yordani katika Yoshua 4 yalisimamishwa ili watoto wakiuliza wajibiwe. Liko sanduku ambalo mtoto akiuliza anasimuliwa. Liko lingine ambalo mtoto akiligusa anapigwa. Hilo la pili limeanza kuelekea kuwa Nehushtani, hata kama ndani yake mna sindano mbili tu.

NANI MWENYE NENO?

Kipimo cha pili ni cha haki, nacho tunakiona kuwa kizito zaidi. Kabla ya kuuliza kama sanduku litupwe, tuulize ni la nani.

Sisi ni watu tuliopotezewa vitu na wengine. Waliochoma nyumba zetu hawakutuuliza tunapenda nini. Katika lori tuliambiwa begi moja. Na hata hapa Malawi, mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na sehemu nyingine warudi Dzaleka, familia nyingi zilikuwa na siku chache za kufunga maduka na nyumba za miaka mingi. Vitu viliuzwa kwa bei ya kutupa, vingine vikaachwa kwa majirani. Mtu aliyepitia hayo mara tatu au nne, ukimtupia kopo lake bila kumwuliza, hasikii kama anavyosikia mtu mwingine. Kwako umetupa kopo. Yeye amerudishwa usiku ule.

Kwa hiyo tunasema wazi: hakuna anayepaswa kutupa sanduku la mwenzake wakati mwenyewe yuko kanisani, hospitalini au Lilongwe. Hata kama ni la bibi asiyeona vizuri. Hata kama nia ni usafi. Hatusemi kwamba anayefanya hivyo ni sawa na waliotufukuza. Tunasema kidonda kinachoguswa ni kile kile, na anayeishi na mtu mwenye kidonda anapaswa kujua kilipo.

Lakini haki hii ina upande wake wa pili. Mwenye sanduku akisema, "Ni langu, neno la mwisho ni langu," basi na aliseme hilo neno. Kunyamaza mwaka baada ya mwaka, huku watu wanane wakiruka masanduku yako matatu usiku wakienda chooni, si kutunza. Ni kuwafanya wengine walipe gharama ya huzuni yako. Aliye na haki ya kuamua ana wajibu wa kuamua. Katika nyumba ya chumba kimoja, masanduku matatu ya kumbukumbu ni mengi. Mwenyewe na achague moja, kwa mkono wake.

Na hapa tuwakumbuke watoto, maana wao pia wana masanduku. Kuna kitabu cha watoto kilichoandikwa na Karen Lynn Williams na kutolewa mwaka 1990, kiitwacho Galimoto. Kinamsimulia mvulana wa Malawi aitwaye Kondi, ambaye vitu vyake vyote anaviweka katika boksi kuukuu la viatu, na anazunguka kijijini akitafuta nyaya za kutengenezea gari la kuchezea. Wale wanaokaa hapa hawahitaji kitabu ili kumjua Kondi. Watoto wetu nao wanaunda galimoto za nyaya, na nyaya zao, vizibo na vipande vya ndala vimo katika katoni pembeni ya mlango.

Nini hutokea siku ya usafi? Kopo la bibi linajadiliwa jioni nzima. Katoni ya mtoto inakwenda jalalani bila neno. Tukifanya hivyo hatujafuata haki. Tumefuata umri tu. Mtoto anajifunza kwamba vitu vya mtu mdogo havina mwenyewe. Tena katoni yake ina jambo ambalo masanduku yetu mengi hayana: mkono unaingia ndani yake kila siku. Ikiwa chumba kina nafasi ya sanduku moja tu, na tunachagua kati ya boksi tupu la jana na boksi la nyaya la leo, sisi tungempa mtoto nafasi hiyo, na habari za boksi la jana tungemsimulia akiwa anakunja nyaya zake.

SANDUKU LA ASIYEKUWEPO

Kuna sanduku moja ambalo vipimo hivi viwili havilitoshi. Ni lile la mtu asiyekuwepo.

Ndugu alitoweka njiani, na begi lake la vifaa lilibaki mikononi mwa mama. Miaka imepita. Hakuna aliyeleta habari ya uzima wala ya mauti. Begi limekwisha kuliwa nusu na panya. Kila anayesema litupwe anaonekana kama anasema ndugu amekufa, na kila anayesema libaki anaonekana kama anakataa kuendelea na maisha. Familia zimegombana juu ya begi kama hilo, kumbe hazigombani juu ya begi.

Kwa shauri letu, mambo hayo mawili yatenganishwe. Kulipunguza begi si kutoa hukumu juu ya mtu. Familia inaweza kukaa pamoja, ikaomba, ikatoa kitu kimoja kilichoshikwa sana na mkono wake, ikakitunza vizuri, na kilichooza kikachomwa kwa heshima. Na juu ya mtu mwenyewe, tumaini lifanye kazi yake: Msalaba Mwekundu una huduma ya kuwatafuta jamaa waliopotezana, na ambaye hajaandikisha jina la ndugu yake bado anaweza kwenda kuuliza. Kufanya hivyo kunamsaidia ndugu kuliko kulinda katoni. Katika baraza hilo la familia, neno la mama aliyemzaa litangulie mengine. Akisema bado, iwe bado.

Kwa ndugu waliokwenda nchi za mbali na kutuachia vitu vyao tuwatunzie, jambo ni rahisi zaidi. Wapigieni simu. Waulizeni. Wekeni mwezi wa mwisho, na mwezi huo ukifika bila jibu, mmekuwa waaminifu vya kutosha.

WANAONGOJA SAFARI

Wako pia kati yetu wanaongoja kuhamishiwa nchi ya tatu. Hao hupenda kusema, "Mimi naondoka, kwa nini nitunze?" Au kinyume chake, wanafunga kila kitu wakidhani kitaingia katika ndege.

Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Katika nchi nyingi ziko familia zilizokuwa zimekwisha kuuza sufuria na magodoro yao, zikingoja siku ya ndege, na ndege haikuja. Tunalitaja jambo hili si kwa ajili ya kuwaumiza waliopatwa. Tunalitaja ili tuseme kwamba ahadi ya safari isiwe ndiyo inayotuchagulia cha kutupa, wala hofu ya kubaki isiwe ndiyo inayotuchagulia cha kuweka. Tunza kinachoweza kuingia katika begi ukiondoka, na kinachoweza kukufaa ukibaki. Kopo dogo la nyuzi lina sifa zote mbili. Sanduku la mbao tupu halina hata moja.

Wala mtu asione haya kupenda vitu vyake. Mtume Paulo, akiwa amefungwa na akijua mwisho wake u karibu, alimwandikia Timotheo amletee joho alilolaacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Angalieni kwamba alijua vilikuwa kwa nani: kwa Karpo. Hakuviacha ovyo. Alikuwa mzee, mfungwa, na bado alikuwa na vitu vichache alivyovihitaji na mtu wa kumtunzia.

MASHAURI YA NYUMBANI

Ili maneno haya yasibaki hewani, tunatoa mashauri machache kwa familia kabla ya mvua:

1. Mwenye sanduku alifungue mwenyewe mbele ya watu wa nyumbani, na asimulie. Asiharakishwe.

2. Kilichosimuliwa kiandikwe kwenye karatasi: jina la mtu, mahali, mwaka kama unajulikana, na kazi aliyoifanya kwa kitu hicho. Karatasi ifungwe katika plastiki na kuwekwa ndani.

3. Mwenye simu apige picha ya sanduku likiwa wazi, na amtumie ndugu mmoja aliye mahali pengine. Hata tukihamishwa tena, picha itabaki kwake.

4. Katoni iliyoliwa na mchwa isirudishwe ndani. Kateni upande wenye picha au maandishi, ukaushwe juani, uwekwe pamoja na ile karatasi, na iliyobaki ichomwe.

5. Sanduku linalobaki lisikae chini. Liwekwe juu ya matofali, na litazamwe kila mwezi.

6. Kila nyumba iwe na pishi yake moja, yaani sanduku moja la kumbukumbu za wote, wala si la kila mtu.

7. Ikiwezekana, sanduku lirudishiwe kazi yake. Anayekwenda Lilongwe amletee bibi uzi wa kwacha chache, na mjukuu akae karibu naye ajifunze kufuma. Kopo lenye uzi mpya halimwulizi mtu kwa nini lipo.

Swali letu lilikuwa kama ni halali kutunza kitu kisicho na kazi katika nyumba isiyo na nafasi. Tunajibu kwamba ni halali, kwa kiasi kidogo, mahali pa wazi, na kwa ridhaa ya wanaolala karibu nacho. Kuhusu ruhusa ya kusema hakina kazi, ni ya mwenyewe, naye asiitumie kuwachosha wenzake. Tunajua ziko nyumba ambazo mambo haya hayatafuatana vizuri hivi, hasa pale mwenye sanduku amepoteza kumbukumbu au wenye nyumba wamekwisha kukoseana. Hao tunawaomba wamwite mzee wa kanisa au mama wa ushirika akae nao kabla mtu hajashika fagio.

Mwenye neno la kuongeza, au la kutupinga, alilete kwa maandishi baada ya ibada ya Jumapili, nasi tutalisoma kwa moyo mweupe.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote, ninyi na watoto wenu.